Kazi Yao, Wafanyakazi Si Wao?



Leo nina neno na kampuni ya Meta, wenye Facebook, Instagram na WhatsApp. Tangu 2022 kampuni hii imeshtakiwa Nairobi na watu waliokuwa wakiifanyia kazi ngumu kuliko zote katika mtandao wake, na muda wote huo imeshikilia jibu moja: hawa si wafanyakazi wetu, kawaulizeni waliowaandika. Jibu hilo mimi nalikataa, na nikishakueleza kazi yenyewe ilivyo, naamini nawe utalikataa.

Unapokutana na video ya kinyama kwenye simu yako ukabonyeza pale pa kuripoti, taarifa yako huenda wapi? Wengi hudhani kuna mashine inayoamua kila kitu. Mashine ipo, na huondoa mengi kabla hatujayaona. Lakini lugha zetu haizijui vya kutosha, na zaidi ya lugha haijui mambo yetu. Mwaka 2022, Kenya ilipokuwa ikielekea uchaguzi, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya kuchochea chuki, na humo yakawemo madoadoa na kwekwe. Kwekwe ni magugu ya shambani, na madoadoa utayaona kwenye ngozi ya chui. Mashine itajuaje kwamba mwanasiasa akiyatamka jukwaani huko Bonde la Ufa anawasema majirani wa kabila lingine, na kwamba maneno hayo yamewahi kutangulia damu? Anayejua ni mtu aliyekulia hapa, akasikia redio ya hapa, akazika ndugu hapa. Kwa hiyo Facebook ilihitaji watu, na ilihitaji watu wetu.

Watu hao wakakusanywa Nairobi. Kuanzia 2019 kazi ya kuchuja maudhui kwa ajili ya eneo hili la Afrika ilipewa Sama, kampuni yenye makao San Francisco na ofisi Nairobi, iliyoanzishwa na marehemu Leila Janah kwa nia iliyotangazwa wazi ya kuwapa watu maskini kazi za heshima kwenye kompyuta. Wachujaji walitoka Kenya, Uganda, Somalia, Ethiopia, Afrika Kusini na kwingineko, kila mmoja akapangwa kwenye lugha yake. Baadhi yao wamesema walipoitwa kazini walidhani wanakwenda kupokea simu za wateja.

Mmoja wao ni Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini. Februari 2022 alisimulia katika jarida la Time kwamba video ya kwanza anayoikumbuka kazini ilikuwa ya mtu akikatwa kichwa.

Hebu tukae kidogo kwenye meza kama ile. Video inakuja kwenye skrini. Unatakiwa uitazame, utambue imevunja kanuni ipi: ni mauaji, ni mtu anayejiua, ni mtoto anayedhulumiwa, ni ugaidi? Uichague kanuni hiyo kwenye orodha, uamue video ibaki au iondoke, na ukishaamua tu nyingine imeshafika. Uchunguzi wa Time ulieleza kwamba mchujaji alitakiwa kwa wastani atumie sekunde 50 kwa kila moja, hata kama video yenyewe ni ndefu kuliko hapo. Ukikosea, kosa linaandikwa. Ukichelewa, kuchelewa kunaandikwa. Na hayo unayoyaona huna ruhusa ya kumsimulia mkeo wala mama yako, kwa sababu umetia saini karatasi ya kutunza siri. Msikilizaji, tangu nilipokuambia video imefika kwenye skrini, sekunde 50 zimekwisha kupita. Kwa kasi hiyo, mwenzetu yule sasa yuko kwenye video ya pili, na zamu ni ya saa nyingi.

Sasa nijibu maswali matatu tu. Ile orodha ya makosa nani aliiandika? Zile kanuni zinazobadilika mara kwa mara, nani anazibadilisha? Mfumo ule wa kompyuta ambamo kazi inaingia na kutoka ni wa nani? Yote ni ya Facebook. Kilichobaki kwa Sama ni kiti, meza, mshahara wa mwisho wa mwezi, na msimamizi wa kukukumbusha kwamba leo umezembea. Halafu unaambiwa Facebook na wewe hamjuani.

Mshahara wenyewe, kwa uchunguzi ule ule, ulikuwa kwa baadhi yao dola 1.50 hivi kwa saa baada ya kodi. Sama ilijitetea kwamba hicho ni kiwango kizuri kuliko kima cha chini cha Kenya na kwamba ilikuwa na washauri nasaha ofisini. Sitaki kulidharau jambo hilo, maana Nairobi kuna wahitimu wa vyuo wanaotafuta kazi yoyote, na mkono mtupu haurambwi. Lakini kipimo cha ujira si umaskini wa anayelipwa tu. Kuna uzito wa kazi, na kuna pato la anayeinunua. Mwaka 2024 Meta ilipata faida ya zaidi ya dola bilioni 62. Faida hiyo inatokana na matangazo, na hakuna mfanyabiashara atakayelipia tangazo la sabuni likae pembeni mwa video ya mtu anayechinjwa. Wanaoziondoa video hizo ndio wanaoifanya biashara ile iwezekane.

Motaung alijaribu kuwaunganisha wenzake wadai ujira bora na mazingira bora. Akafukuzwa mwaka 2019, kwa madai kwamba anawatisha wenzake. Mei 2022 akafungua kesi Nairobi dhidi ya Sama na Meta, na hapo ndipo Meta ilipoanza kuimba wimbo wake: sisi hatujasajiliwa Kenya, hatufanyi biashara Kenya, mahakama ya Kenya haina mamlaka juu yetu.

Nataka tulinganishe hapa, kwa sababu ndipo penye uchungu. Huko Marekani pia Facebook haikuwaajiri wachujaji wengi moja kwa moja, iliwapata kupitia kampuni nyingine kama Cognizant. Mwaka 2018 mchujaji mmoja aitwaye Selena Scola, ambaye naye aliletwa kazini na wakala, aliishtaki Facebook yenyewe kwamba kazi ile ilimharibu akili, na wengine wakaungana naye. Mei 2020 Facebook ikakubali kulipa dola milioni 52 kumaliza kesi, bila kukiri kosa. Wachujaji 11,250, wa sasa na wa zamani, wakahusishwa, kila mmoja apate walau dola 1,000, na aliyepimwa akaonekana anaugua apate zaidi kwa matibabu. Zingatia mwaka: 2020. Wakati Facebook inatia saini makubaliano hayo California, vijana wa Nairobi walikuwa mezani, wanatazama video za aina ile ile. Kampuni ilikuwa inajua kabisa kazi hii inamfanyia nini mtu. Ilijua hadi ikatenga fedha. Ila kwa waliokuwa Nairobi, wakala aliyekaa katikati akageuka ukuta.

Majaji wa Kenya nawapongeza. Februari 2023 Jaji Jacob Gakeri wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi alikataa kuiondoa Meta kwenye kesi ya Motaung. Wakati huo kesi ya pili ilikuwa njiani. Januari mwaka huo Sama ilikuwa imetangaza kwamba inaacha kazi ya kuchuja maudhui, na wachujaji wapatao 260 wakaambiwa kazi imekwisha, huku kazi yenyewe ikihamishiwa kwa kampuni nyingine, Majorel ya Luxembourg. Machi, wachujaji, ambao baadaye idadi yao ilifika 184, wakaenda mahakamani wakidai wamefukuzwa kinyume cha sheria na kwamba waliotoka Sama walizuiwa wasipate nafasi kwa mrithi. Juni 2023 Jaji Byram Ongaya akatoa uamuzi wa muda ambao kila mwajiri wa eneo hili anapaswa kuusoma. Alisema mwenye kazi ni Meta, na ukumbi wa kidijitali ambamo kazi inafanyika ni wa Meta, kwa hiyo kwa alivyoona yeye Meta ndiye mwajiri mkuu, na Sama alikuwa wakala tu. Akaagiza pia wapewe huduma ya afya ya akili.

Kukawa na jaribio la kupatana nje ya mahakama, Jaji Mkuu mstaafu Willy Mutunga akiwa miongoni mwa wapatanishi. Likavunjika Oktoba 2023. Meta ikaenda Rufaa, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema: kesi zitasikilizwa hapa hapa Kenya.

Desemba 2024 zikafika mahakamani taarifa za daktari. Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, alikuwa amewapima wachujaji hao, na zaidi ya 140 wakakutwa na maradhi ya kiwewe, yale yanayowapata askari waliorudi vitani na watu walionusurika mauaji. Mtu haoni usingizi, na akiupata anaziona tena zile video. Mtu anaruka akisikia mtoto analia kwa jirani. Ndoa zimevunjika. Wengine wametoka nchi zenye vita, hawawezi kurudi kwao, na kibali chao cha kukaa Kenya kilitegemea kazi ile ile iliyowaumiza, kwa hiyo hata kuacha ilikuwa ni kuchagua kati ya ugonjwa na kufukuzwa nchini.

Zaidi ya 140, msikilizaji, katika ofisi moja ya jiji moja. Kama ni kiwanda cha saruji, na vifua vya watu wengi hivyo vikakutwa na vumbi, mkaguzi wa kazi angekifunga kiwanda siku hiyo hiyo.

Kuna watakaosema haya yatakwisha yenyewe, maana akili mnemba sasa itachuja kila kitu na hakuna binadamu atakayehitajika kutazama. Nawaomba waangalie hiyo akili mnemba ilifunzwaje. Januari 2023 Time ilitoa habari nyingine: OpenAI, wenye ChatGPT, walikuwa wameingia mikataba na Sama hiyo hiyo mwishoni mwa 2021 ili wafanyakazi wa Kenya wasome maandishi machafu na kuyawekea alama, hili ni la chuki, hili ni la kumdhulumu mtoto, hili ni la mauaji, ili mashine ijifunze kuyatambua. OpenAI ililipa Sama dola 12.50 kwa saa. Aliyekaa akasoma alipata kati ya dola 1.32 na dola 2. Wapo waliosema walikuwa wakipewa vipande 150 hadi 250 kwa zamu moja ya saa tisa. Sama ilibisha idadi hiyo, ikasema ni 70. Mikataba hiyo Sama iliivunja Februari 2022, kabla ya muda wake, na Julai 2023 baadhi ya waliohusika wakapeleka malalamiko yao Bunge la Kenya. Kwa hiyo ule upole wa ChatGPT, ile namna inavyokataa kukuandikia uchafu, ndani yake mna macho ya kijana wa Nairobi. Anayesema mashine zitamwondolea binadamu mzigo huu kwanza ataje nani aliubeba mzigo ili mashine zipatikane, na alilipwa nini.

Na hatari ya kuifanya kazi hii kwa kubana matumizi haiishii kwa mchujaji. Novemba 2021 Profesa Meareg Amare, mwalimu wa kemia wa Chuo Kikuu cha Bahir Dar, Mtigray, aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake nchini Ethiopia. Majuma kadhaa kabla yake, kurasa za Facebook zilikuwa zimeweka jina lake, picha yake na mahali anapofanya kazi, zikimtuhumu maovu. Mwanawe Abrham aliripoti mara kadhaa. Jibu kwamba chapisho mojawapo limevunja kanuni lilimfikia wakati baba yake ameshauawa. Abrham naye ameishtaki Meta Nairobi, kwa sababu machapisho ya Ethiopia yalikuwa yakishughulikiwa kutoka Nairobi, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema ina mamlaka ya kuisikiliza kesi hiyo. Ukiziweka kesi hizi pamoja unaona ni jambo moja. Wachujaji wachache, wamechoka, wanaugua, wana sekunde chache, na upande wa pili kuna familia inaripoti na kungoja.

Sasa nigeuke nyumbani, kwa viongozi wetu, maana lawama nyingine ni zao. Mwaka 2024 ulipelekwa Seneti ya Kenya muswada wa kurekebisha sheria za biashara wenye kifungu cha kuikinga kampuni ya nje inayotoa kazi kwa wakala: mfanyakazi akidhulumiwa amshtaki wakala, asimguse mwenye kazi. Na Desemba mwaka huo, mwezi ule ule wa taarifa za daktari, Rais William Ruto aliwahakikishia wawekezaji wa sekta hii kwamba sheria inarekebishwa ili wasiburutwe tena mahakamani. Hoja yao naijua: kazi hizi zinawapa vijana riziki, tukiwasumbua matajiri watahamia kwingine.

Ni kweli huhama. Kazi ilipotoka Nairobi, vyombo vya habari vya Uingereza viliripoti Aprili 2025 kwamba wachujaji wa Meta wako Accra, chini ya Majorel, ambayo sasa imemezwa na Teleperformance ya Ufaransa, na malalamiko ya Accra yanafanana na ya Nairobi: mshahara mdogo, video za kutisha, watu wanaugua. Lakini hilo mimi linanipeleka upande wa pili kabisa. Kama kila nchi itashusha bei ya watu wake ili tajiri asihame, tajiri atakuwa anahama kila mwaka na bei itakuwa inashuka kila mwaka. Waziri wa Kenya akilegeza, wa Ghana atalegeza zaidi. Dawa ni nchi hizi kukubaliana kiwango: muda wa zamu, saa za kutazama maudhui ya kikatili kwa siku, daktari wa akili asiyelipwa na kampuni, matibabu yanayoendelea baada ya mkataba kwisha, na mwenye kazi kuwajibika mahakamani bega kwa bega na wakala. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Bunge lake Arusha na ina mahakama yake. Sijaona jambo linaloifaa zaidi jumuiya hiyo kuliko hili, kwa sababu Kiswahili kinachochujwa si cha Kenya peke yake. Chapisho la Mwanza, la Bujumbura, la Goma, la Kampala, linaweza kuangukia kwenye skrini ya mtu mmoja.

Wachujaji wenyewe hawakungoja hisani. Mei Mosi 2023, Siku ya Wafanyakazi, zaidi ya 150 kati yao walikutana katika hoteli moja Nairobi: waliofanyia kazi Facebook, waliofanyia TikTok, waliofanyia ChatGPT, wakapiga kura kuanzisha chama chao. Motaung, aliyefukuzwa kwa kosa la kuwaza jambo kama hilo, alikuwa na haki ya kuiona siku ile. Chama kama hicho kinastahili kuungwa mkono na vyama vikubwa vya wafanyakazi vya Kenya, Tanzania na Uganda, vyama ambavyo vimezoea kuwasemea walimu na madereva na bado havijamzoea mfanyakazi ambaye kiwanda chake ni skrini.

Hata Sama yenyewe, mkurugenzi wake Wendy Gonzalez alikiri kwa BBC mnamo 2023 kwamba anajuta kuichukua kazi ile. Nampa haki yake kwa kusema hivyo. Meta bado haijasema.

Sasa Rufaa imeshafungua mlango, na kinachobaki ni kesi kusikilizwa kwa undani wake. Ninachotaka kukiona siku hiyo ni mkataba kati ya Meta na Sama, uwekwe mezani mbele ya jaji, wote tusikie ukisomwa: nani alipanga zile sekunde 50, nani alipanga idadi ya video kwa siku, nani alikuwa na uwezo wa kusema huyu aondolewe kazini. Meta waulete mkataba huo katika mahakama ya Nairobi wenyewe, bila kulazimishwa kwa amri, kisha ndipo watuambie tena kwamba hawa watu hawawajui.